Shangazi V na Daftari la Makaburi

Emma Morano alipofariki mjini Verbania, kaskazini mwa Italia, tarehe 15 Aprili 2017, dunia ilimpoteza mtu wa mwisho aliyethibitishwa kwa nyaraka kuwa alizaliwa kabla ya mwaka 1900. Siku hiyohiyo sifa ya kuwa binadamu mkongwe kuliko wote ilivuka bahari hadi Jamaika, kijiji cha Duanvale, mkoa wa Trelawny, ikamkuta bibi aliyezaliwa tarehe 10 Machi 1900. Magazetini aliitwa Violet Brown, au Violet Mosse-Brown. Kijijini hawakuwa na haja ya jina refu kiasi hicho. Alikuwa Shangazi V.

Waandishi wa habari wakamjia na swali lao la siku zote kwa wakongwe: bibi, unakula nini? Naye akawajibu. Anapenda samaki, nyama ya kondoo na makongoro. Nyama ya nguruwe hali, kuku hali, na ramu hanywi. Hilo la ramu lingetosha kuwafanya watafakari kidogo, maana Trelawny ndiko ziliko Hampden na Long Pond, viwanda ambavyo ramu yake huwatoa udenda wanywaji wa Ulaya, na yeye mwenyewe aliwahi kukata miwa. Lakini walikuwa na haraka. Mkoa huohuo uliwahi kuvamiwa hivyohivyo mwaka 2008, Usain Bolt wa Sherwood Content alipovunja rekodi kule Beijing na baba yake akasema siri ni viazi vikuu vya Trelawny. Inaelekea mgeni akifika Trelawny hukimbilia kufunua vyungu.

Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo mengine. Alitaja imani yake, kazi, na ile amri ya kuwaheshimu baba na mama inayokuja na ahadi ya siku nyingi duniani. Mimi ningeongeza damu, kwa sababu mama yake, Elizabeth Riley, aliishi hadi miaka 96. Lakini jambo linalonivuta zaidi katika maisha yake ni lile ambalo magazeti mengi yalilipitia kwa nusu sentensi. Mume wake alikuwa mtunza kumbukumbu za makaburi. Alipofariki, mkewe akaichukua kazi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyepata umaarufu kwa kutokufa ndiye aliyekuwa na kazi ya kujua nani amekufa, lini, na amelala wapi.

Kazi hiyo ingekuwa ndogo mahali pengine. Trelawny haikuwa ndogo.

Mkoa huu ulianzishwa mwaka 1770, na tangu mwanzo ulikuwa mkoa wa sukari. Bandari yake, Falmouth, ilijengwa kwa mpangilio wa mitaa iliyonyooka na nyumba za mawe na matofali ambazo watalii bado huzipiga picha. Meli zilitoka hapo na sukari na ramu, na kabla ya 1807 ziliingia na watu waliotekwa Afrika Magharibi na ya Kati. Mwaka 1807 Uingereza ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa, ingawa utumwa wenyewe uliendelea. Basi ili kuzuia watumwa wapya wasiingizwe kwa magendo, sheria ikawataka wenye mashamba wa Jamaika waandikishe kila mtu waliyemmiliki. Uandikishaji wa kwanza ulifanyika 1817, kisha ukarudiwa kila baada ya miaka mitatu hadi 1832.

Madaftari hayo yapo hadi leo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, London. Ukiyafungua unakuta safu: jina, umri, rangi, kama mtu ni Mwafrika au mzaliwa wa kisiwani. Kwa waliozaliwa kisiwani, kwenye safu ya maelezo mara nyingi limeandikwa jina la mama. Baba hakuandikwa. Hakuandikwa kwa sababu sheria haikumhitaji: mtoto alifuata hali ya mama yake, na mama akiwa mtumwa, mtoto alikuwa mali ya bwana wa mama, baba awe nani. Katika uandikishaji uliofuata hawakurudia orodha yote. Waliandika mabadiliko tu: waliozaliwa chini ya kichwa cha ongezeko, waliokufa chini ya kichwa cha upungufu. Mtu alizaliwa, akafanya kazi kwenye miwa miaka 40, akazaa, akafa, na maandishi pekee ya serikali kuhusu kifo chake ni kwamba shamba limepungukiwa.

Madaftari hayohayo ndiyo yaliyotumika baadaye kukokotoa fidia. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa, kama malipo ya mali iliyopotea. Walioachwa huru hawakupewa hata senti. Na malipo kwa mabwana hayakukawia.

Uhuru wenyewe haukuja kwa huruma ya bunge peke yake. Tarehe 27 Desemba 1831 shamba la Kensington, katika milima ya mkoa jirani wa St James, liliwashwa moto, na moto ukaenea magharibi yote ya kisiwa. Aliyepanga alikuwa Sam Sharpe, mtumwa na shemasi wa Kibatisti, na mpango wake wa kwanza ulikuwa mgomo tu: baada ya Krismasi hakuna atakayerudi shambani bila mshahara. Mgomo ukageuka vita. Jeshi likaizima kwa majuma machache, kisha mahakama zikawanyonga na kuwapiga risasi watu zaidi ya 300. Sharpe alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832. Wazungu waliowalaumu wamisionari waliyabomoa makanisa ya Kibatisti, likiwemo la William Knibb pale Falmouth. Knibb akaenda Uingereza, akazunguka akihutubia, akarudi, na kanisa likajengwa upya.

Utumwa ulikoma kwa jina tarehe 1 Agosti 1834, lakini ukafuatiwa na miaka minne ya kile kilichoitwa mafunzo ya kazi, ambapo aliyeachwa huru alilazimika kuendelea kumfanyia kazi bwana yuleyule bila ujira kwa sehemu kubwa ya juma. Mwisho wa kweli ulikuwa usiku wa manane wa tarehe 31 Julai 1838. Usiku huo waumini wa Knibb walikusanyika Falmouth wakaweka ndani ya jeneza pingu, mjeledi na kola ya chuma, wakalifunga, na kulipokucha wakalizika. Watu wa Trelawny walianza uhuru wao kwa mazishi. Naona hilo linaeleza mengi kuhusu mkoa huu, ambao hadi leo husema mambo yake makubwa penye kaburi.

Asubuhi iliyofuata tatizo lilikuwa ardhi. Waliokuwa watumwa waliishi kwenye vibanda vya mabwana na kulima chakula kwenye vishamba vya mabwana, na mabwana wakaanza kudai kodi ya vyote viwili, kwa kila kichwa ikibidi, ili watu walazimike kurudi kwenye miwa kwa ujira wa chini. Anayekataa anafukuzwa. Ndipo Wabatisti, Knibb akiwa mmoja wao, walipoanza kununua mashamba kwa siri au kupitia watu wa kati, wakayakata viwanja na kuwauzia watu. Vikazaliwa vijiji huru: Refuge, Kettering, Granville, Martha Brae na vingine. Viwanja vilikuwa vidogo, na mara nyingi vilikuwa vya mawe au kwenye mteremko, kwa sababu tambarare nzuri ilibaki na sukari.

Kutokana na uchache huo watu walitunga sheria yao wenyewe ya ardhi, ambayo mwanaanthropolojia Jean Besson aliichunguza kwa miaka mingi katika vijiji hivihivi vya Trelawny. Ardhi ya ukoo haigawanywi wala haiuzwi. Ni ya wazao wote wa mnunuzi wa kwanza, wanaume kwa wanawake, waliozaliwa ndani ya ndoa na nje ya ndoa, waliopo na walioko ng'ambo. Aliyekwenda Panama miaka 20 akirudi hana haja ya kuomba ruhusa kwa mtu. Mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa uani na mti ukapandwa hapo, mara nyingi mnazi au mshelisheli. (Mshelisheli wenyewe uliletwa kisiwani mwaka 1793 na Kapteni Bligh, kutoka Bahari ya Pasifiki, ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo. Watu wakauchukua wakaufanya alama ya kwao.) Na mtu akifa, huzikwa katika ardhi hiyohiyo, au kwenye uwanja wa kanisa jirani. Zamani kaburi lilijulikana kwa mimea iliyopandwa juu yake, kama krotoni yenye majani mekundu na ya manjano. Baadaye yakaja makaburi ya saruji yaliyopakwa chokaa, ambayo mtoto huweza kukaa juu yake akimenya chungwa bila mtu kumkemea.

Kaburi katika mazingira hayo lilikuwa kumbukumbu ya familia, na lilikuwa ushahidi wa haki. Anayeweza kuonyesha alipolala bibi wa bibi yake ameonyesha kwamba ana mahali. Hati za serikali wengi hawakuwa nazo, au walikuwa nazo kwa jina la mtu aliyekufa karne iliyopita. Ndiyo maana mtunza kumbukumbu za makaburi katika kijiji cha Trelawny hakuwa karani wa kawaida. Daftari lake lilifanya kinyume cha yale ya 1817. Kule aliyekufa alikuwa upungufu wa mali ya mtu. Huku aliandikwa jina, siku, na mahali ambapo jamaa zake wangemkuta.

Shangazi V alizaliwa miaka 62 tu baada ya jeneza lile kuzikwa. Mtu aliyezaliwa mtumwa mwaka 1830 angekuwa na miaka 70, umri wa bibi anayekaa barazani akiwamenyea wajukuu njegere. Utoto wa Shangazi V kwa hiyo ulipita katikati ya watu waliokuwa na mambo hayo midomoni. Malkia Victoria alikuwa bado hai. Alifariki Januari 1901, na miaka mingi baadaye ikaonekana kuwa bibi wa Duanvale ndiye raia wa mwisho wa Victoria anayejulikana kubaki duniani. Magazeti ya Uingereza yalilipenda sana jambo hilo. Sijui kama lilimgusa mwenyewe.

Baba yake na mama yake Elizabeth walikuwa watu wa kazi za mikono, na binti yao naye akaikata miwa. Kazi ile haijabadilika sana tangu siku za utumwa. Unauinamia muwa, unaushika kwa mkono mmoja, unaukata chini kabisa karibu na udongo kwa sababu sukari nyingi iko huko, unakata kilele, unautupa kwenye rundo, unasogea hatua moja. Majani yana makali yake, na jasho likiingia kwenye mikwaruzo linawasha siku nzima. Malipo ni kwa uzito. Anayejua kusoma na kuhesabu anaweza angalau kuona kama amepunjwa kwenye mizani.

Yeye alijua kusoma, kuhesabu, na zaidi ya hayo alijua noti za muziki. Alifundisha muziki, na katika Kanisa la Kibatisti la Trittonvale alipiga kinanda kwa zaidi ya miaka 80. Hebu tuihesabu miaka hiyo kwa Jumapili: zinazidi 4,000. Hapo hujaweka harusi, hujaweka mikutano ya maombi katikati ya juma, hujaweka mazishi. Katika kanisa la kijijini mpiga kinanda ndiye anayejua wimbo gani umefaa kwa nani, familia ipi hulia kwenye ubeti upi, na mchungaji yupi huimba nje ya ufunguo na lazima afuatwe huko aliko. Wachungaji huhamishwa. Mpiga kinanda hubaki. Ukimweka mtu huyo huyo pia kwenye daftari la makaburi, umepata mtu ambaye amemwimbia karibu kila aliyeandikwa humo.

Karne ikapita mbele yake. Mwaka 1938 wafanyakazi wa sukari waligoma pale Frome, mkoa wa Westmoreland, polisi wakaua watu, na mgomo ukasambaa nchi nzima. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya wafanyakazi na vya siasa. Desemba 1944 Jamaika ilifanya uchaguzi wa kwanza ambao kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, mwenye mali na asiye na mali, na yeye alikuwa na miaka 44. Uhuru wa tarehe 6 Agosti 1962 ulimkuta na miaka 62. Alikuwa na umri wa kustaafu nchi ilipoanza.

Lakini historia kubwa ya Jamaika vijijini haikuwa ya uchaguzi wala bendera. Ilikuwa ya watu kuondoka. Wajamaika walikwenda Panama kujenga reli katika miaka ya 1850, wakarudi huko kuchimba mfereji, kwanza kwa Wafaransa kisha kwa Wamarekani kati ya 1904 na 1914. Walikwenda Costa Rica kwenye migomba na Cuba kwenye miwa. Juni 1948 meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, karibu na London, ikiwa na mamia ya abiria kutoka Karibiani, wengi wao Wajamaika, na katika miaka iliyofuata wakaja makumi ya maelfu. Mzazi mmoja alitangulia, wa pili akafuata, nauli ya watoto ikasubiri. Watoto wakaachwa kwa bibi.

Mwaka 1957 Edith Clarke, Mjamaika mwenyewe, alichapisha utafiti wake juu ya familia katika jamii tatu za Jamaika, kitabu alichokiita My Mother Who Fathered Me. Alionyesha nyumba baada ya nyumba ambamo bibi ndiye nguzo: binti yake anazaa kijana, anakwenda mjini kutafuta kazi za ndani, mtoto anabaki kwa bibi na kumwita bibi Mama, na mama mzazi anakuwa kama dada mkubwa anayekuja Krismasi na zawadi. Wasomi wamebishana kwa miongo juu ya chanzo. Wapo waliosema ni desturi iliyotoka Afrika Magharibi. Wapo waliosema ni jeraha la utumwa, ule ule uliomfuta baba kwenye daftari. Wengine wakasema tazama tu mishahara, mwanamume asiye na kazi ya kudumu hawezi kushika nyumba. Clarke mwenyewe alielekea kwenye hili la mwisho, akaonyesha kuwa pale watu walipokuwa na ardhi yao, ndoa zilidumu na baba walikaa. Mimi naona ana hoja nzito, ingawa ile safu ya maelezo ya 1817 hainitoki kichwani.

Kulea wajukuu kulikuwa na uchumi wake. Bibi alikuwa na shamba la viazi vikuu na ndizi mlimani, kuku wachache, labda mbuzi, na siku ya soko alishuka na mzigo kichwani. Alikuwa pia kwenye upatu. Wajamaika wanao upatu wao hasa, wenye kijumbe anayekusanya fedha kila juma na kumpa mmoja zote kwa zamu, na kijumbe mara nyingi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sifa ya kutokula fedha ya mtu. Waliohamia Uingereza waliusafirisha mchezo huo pamoja na nguo zao, na kwa kuwa mabenki yalikuwa yakiwakataa, nyumba nyingi za kwanza za Wajamaika huko Brixton na Birmingham zilipata malipo ya awali kutoka kwenye upatu.

Kutoka ng'ambo zilirudi hawala, na baadaye mapipa. Pipa la kadibodi au plastiki, refu kufika kifuani mwa mtoto, linajazwa New York, Toronto au London kwa miezi: mchele, mafuta ya kupikia, sabuni, samaki wa makopo, madaftari ya shule, viatu ambavyo mama amevinunua akikisia mguu wa mtoto asiyemwona miaka mitatu. Viatu mara nyingi vilikuwa vidogo. Mtafiti Claudette Crawford-Brown wa Chuo Kikuu cha West Indies ndiye aliyewapa jina watoto hao, watoto wa mapipa, na kueleza wazi kwamba vitu vilifika na upweke ukabaki palepale. Bibi ndiye aliyefungua pipa mbele ya mtoto na kumwambia mama yako anakupenda, na ndiye aliyemfariji usiku.

Halafu siku ilifika barua ikaja na tiketi. Bibi akamshonea mtoto nguo ya safari, akamfungashia keki na embe, akampeleka bandarini au uwanja wa ndege, akamkabidhi kwa mtu asiyemjua vizuri. Wengi wa watoto hao hawakumwona tena. Walirudi wakiwa watu wazima, kwa mazishi.

Na mazishi Jamaika ni kazi ya kijiji. Matanga huchukua usiku tisa. Wanaume huchimba kaburi huku ramu ikizunguka na sufuria ya mchuzi wa mbuzi ikichemka pembeni. Wanawake hukaanga samaki na kukata mikate. Domino hugongwa mezani kwa kishindo. Usiku wa tisa ndio mkubwa, kwani roho ya marehemu huagwa rasmi na chumba chake hupangwa upya ili akirudi asikitambue. Nyimbo ni zile za kitabu cha Sankey. Kwa kuwa vitabu havitoshi na taa ni hafifu, mtu mmoja husoma mstari kwa sauti na wote wakauimba, kisha mstari unaofuata, polepole, hadi alfajiri. Wabatisti wa msimamo mkali waliwahi kuzikemea sehemu za desturi hizi, hasa ramu. Kijiji kiliwasikiliza, kikaendelea.

Shangazi V alizaa watoto sita, na mkubwa wao, Harland Fairweather, alizeeka pamoja na mama yake nyumba moja Duanvale. Mama alipotangazwa kuwa mkongwe wa dunia, Harland alikuwa na miaka 97, na aliaminika kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani ambaye mzazi wake bado yu hai. Siku chache baada ya tangazo hilo, mwezi huohuo wa Aprili, Harland akafariki. Kamera zilikuwa bado hazijaondoka vizuri. Mwanamke wa miaka 117 akamzika kifungua mimba wake, na dunia iliyokuwa ikimpongeza haikujua iseme nini.

Yeye aliondoka tarehe 15 Septemba 2017, katika hospitali ya Montego Bay, akiwa na miaka 117 na siku 189. Waziri Mkuu Andrew Holness alitangaza kifo chake na kutoa rambirambi. Taji la ukongwe likaenda Japani, kwa Nabi Tajima.

Miezi michache baadaye, mwaka 2018, Uingereza ikatikisika na habari za watu wa kizazi cha Windrush. Walikuwa wazee sasa, waliofika huko utotoni kabla ya 1973, wakiwa na haki kamili ya kukaa, na ambao serikali ilikuwa imeanza kuwanyima kazi, matibabu na nyumba, na wengine kuwafukuza nchini, kwa kuwa hawakuwa na karatasi. Waliambiwa walete ushahidi wa kila mwaka waliokaa, wakati mwingine vipande vinne kwa mwaka. Wengi wao walikuwa wale waliotumiwa tiketi wakatoka mikononi mwa bibi. Kadi za kutua zilizoandikwa siku walipofika, ambazo zingeweza kumwonyesha mtu tarehe na meli yake, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilikuwa imeziharibu mwaka 2010. Madaftari ya 1817 yalikuwa salama kwenye rafu zake, London.

Jambo jingine likajulikana wakati huohuo. Hazina ya Uingereza ilieleza kuwa deni lililotokana na mkopo wa kuwalipa wenye watumwa lilimalizika kulipwa mwaka 2015, kwa kodi za wananchi. Maana yake wauguzi, makondakta wa mabasi na wafua vyuma waliotoka Jamaika, baada ya kulelewa na bibi zao kwenye ardhi ile ya mawe, walikatwa mishahara yao kulipia fidia ya waliowamiliki mababu zao. Deni lilipofungwa Shangazi V alikuwa akikaribia miaka 115, na alikuwa ameishi zaidi ya nusu ya umri wa deni hilo.

Mfuko wa kuwafidia watu wa Windrush ulifunguliwa Aprili 2019. Malipo yalikwenda taratibu, na baadhi ya waliodai walifariki kabla ya kulipwa.